Ncha Iliyopinda

Mzee Choma alipitisha kidole gumba kwenye ncha ya singe mara ya nne, akatulia kidogo kama mtu anayeonja chumvi, akasema, "Mfupa."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, uzi mdomoni.

"Umenisikia, mama? Nasema hii imegonga mfupa. Ncha ya singe haipindi kwa nyama, nyama inapisha. Inapinda ikikuta mfupa, halafu mtu akaichomoa kwa kuizungusha kidogo, vile nilivyowafundisha. Njoo ushike."

Sanduku lilikuwa limeletwa asubuhi hiyo ya Jumatatu na dereva wa jeshi aliyetaka sahihi, akasema "poleni sana" huku anaangalia saa. Ndani mlikuwa na mashati mawili, mkanda, kikombe cha bati, picha ya mkwe wao iliyokunjwa mara mbili, na sweta. Ndani ya sweta ndimo ilimokuwa singe, kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki, kwenye ala yake. Haikupaswa kuja. Singe ni mali ya serikali, ina namba, na askari akifa inarudi ghalani. Ila aliyefunga sanduku hakuikunjua ile sweta, na hivyo kitu cha mwisho alichoshika mtoto wao wa pekee kikaja nyumbani, wiki sita baada ya taarifa ya kifo chake. Mwili haukuja.

Wake wa askari walimwita mkewe Mama Vifungo, kwa kuwa mwaka wa ishirini huu ndiye aliyerudishia vifungo vya sare zao vilivyokatika. Alitoa uzi mdomoni, akasogea, akampokea mumewe ile singe na kuielekeza kwenye mwanga.

Mumewe mwenyewe asingeweza kufanya hivyo. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, akabakiwa na mwanga na vivuli. Kambini hawakujua. Miaka ishirini na minane alikuwa amefundisha makuruta kuchoma magunia ya majani makavu, "Choma! Chomoa! Tayari!", mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, na alipostaafu wakamrudisha kwa mkataba, asubuhi mbili kwa wiki, kwa sababu hapakuwa na koo jingine kama lake. Magunia hayahami mahali. Akishahesabu hatua kutoka kwenye mlingoti wa bendera, makuruta aliwaona kwa masikio.

Mama Vifungo aliona ambacho kidole gumba hakikuweza kuona. Ubavuni mwa singe, pande zote mbili, kulikuwa na mikwaruzo myembamba kama unywele, mingi, yote imelala kwa urefu kutoka nchani hadi katikati. Na pale chuma kinapoingia kwenye mpini, kwenye kijifereji ambacho kitambaa hakifiki, palikuwa na udongo mkavu. Alikwangua kwa ukucha. Mwekundu, wenye chembe za mawe.

Alikuwa na kisu chake cha jikoni cha zamani, alichopalilia nacho mboga nyuma ya nyumba tangu kabla mtoto hajazaliwa. Kilikuwa na mikwaruzo hiyo hiyo. Kisu kilichochimba kina sura yake, kama mtu aliyelia.

"Unaonaje?" mumewe akauliza.

"Naona imepinda."

"Si nilikwambia!" Akacheka. Alicheka kweli, meno yote nje, mara ya kwanza tangu siku ile wale maofisa wawili walipovua kofia zao mlangoni. "Amekwenda mbele, mama. Hakumpa mtu mgongo. Mwanangu amekwenda mbele."

Mama Vifungo aliirudisha singe kwenye ala, akarudi kwenye cherehani. Alitafuta tundu la sindano mara tatu hakulipata. Mungu nisamehe, alisema moyoni, nimemwachia kicheko ambacho si chake.

*

Barua ya kambi ilikuja kesho yake. Mkwe wao, aliyeuza mikate kwenye tanuri la mtaa wa pili na aliyeendelea kukaa nao kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzungumzia kuondoka kwake, ndiye aliyeisoma, amesimama, aproni bado ina unga.

"'Unaalikwa mbele ya kamati siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, utoe maoni yako ukiwa mkufunzi wa muda mrefu, kuhusu kuendelea au kusitisha ugawaji na mafunzo ya singe, kwa kuzingatia hali ya vita vya sasa.'" Akaikunja. "Basi. Na mhuri."

"Soma tena hapo pa kusitisha."

"Baba, nikisoma tena haitabadilika."

"Kusitisha," Mzee Choma akasema. "Vijana wa kompyuta hawa. Bunduki ikikwama utafanya nini? Risasi zikiisha utafanya nini, utamrushia mtu kofia? Singe haiishi. Haitaki betri. Haitaki mafuta. Inataka moyo tu."

"Baba, siku hizi watu wanapigwa na vidude vinavyoruka. Mwenye kidude yuko mbali anakunywa chai. Hiyo singe utamchoma nani, upepo?"

"We mwana, unajua mikate."

"Najua mikate, ndiyo. Na najua mume wangu hajarudi."

Mama Vifungo alimwangalia mkwewe kwa jicho la kumtuliza, na yule msichana akainamisha kichwa, akaanza kupangusa unga ambao ulikuwa umeshapanguka.

Mzee alipozungumza tena, ile sauti ya uwanjani haikuwepo. "Si zile asubuhi mbili. Wakitaka wazichukue, nitakaa nyumbani nihesabu nzi. Lakini sikilizeni. Wakiandika kwenye karatasi zao kwamba singe haina kazi, basi mwanangu alikuwa anafanya nini nayo mkononi? Eti? Alikufa akifanya kazi isiyo kazi? Mimi ndiye niliyemtia hiyo singe mkononi. Nitakwenda. Nitaiweka mezani na ncha yake ilivyopinda, waiangalie wao wenye macho."

Mama Vifungo alifungua mdomo. Alitaka kusema, baba, hebu kwanza. Lakini mumewe alikuwa ameshanyoosha mgongo kwenye kiti, kidevu juu, na hakuwa amekaa hivyo kwa wiki sita. Akaufunga.

*

Jumatano alasiri alikuja mgeni. Waliyasikia magongo yake kwenye changarawe kabla hajabisha. Ni kijana mwembamba, mguu wa kulia umeishia juu ya goti, suruali imekunjwa na kupigwa pini. Mama Vifungo aliiona ile pini kabla ya kuona uso, akajisemea hiyo nitaishona kabla hajaondoka.

"Mimi ndiye Redio," akasema.

Walimjua kwa barua. Mtoto wao alimwandika kila mara: rafiki yangu abebaye redio ya kikosi, tunamwita Redio, kwanza kwa kazi yake, pili kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Kijana aliyekaa mbele yao hakuzungumza hovyo. Alishika glasi ya maji kwa mikono miwili na kuiangalia.

"Pole kwa mguu, mwanangu," akasema Mama Vifungo.

"Ahsante, Mama. Nimeshauzoea. Kiatu kimoja nakitumia, cha pili natunzia shilingi."

Mzee Choma alicheka kwa adabu, kisha akavuta kiti chake karibu hadi magoti yakagusana na gongo. "Sasa niambie. Usinionee haya, mimi ni askari kama wewe. Singe yake ninayo. Nimeishika ncha. Niambie tu, aliwachoma wangapi?"

Redio aliinua macho. Hakumtazama mzee, alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, kitambaa cha mkono amekikunja kunja. Wala hakutikisa kichwa. Baadaye ndilo alilojiuliza sana, kwa nini hakutikisa kichwa.

"Wawili, Baba," akasema Redio.

"Wawili!"

"Wawili."

"Kwa mtindo? Choma, chomoa?"

"Kama ulivyomfundisha."

Mzee alimshika kijana bega, akalitikisa. Kisha akainuka akapapasa ukuta mpaka chumbani, na kupitia mlango walimsikia akipenga kamasi kwa kelele, kama wanaume wanavyofanya wasipotaka ijulikane.

Mama Vifungo alimsindikiza mgeni hadi kwenye nguzo ya lango. Alikuwa amemshonea ile suruali, na sindano bado ilikuwa imechomekwa kifuani mwake.

"Mbona umesema wawili?"

"Mama, aliniuliza namna ambayo jibu lilikuwa limeshakaa. Ningetoa wapi nguvu ya kuliinua?"

"Mimi niambie. Nimeuona udongo."

Redio aliegemea nguzo. Akaanza polepole, kisha maneno yakamjia kwa wingi wa zamani, mpaka akawa kweli yule wa kwenye barua.

Walikuwa wanne juu ya kilima kitupu, wakilinda mlingoti wa mawasiliano. Hapana mti, hapana nyumba. Waliamriwa kupanda bila mizigo, wawe wepesi, mabeleshi yakabaki kwenye gari kule chini. Asubuhi vikaja vile vidude. Cha kwanza kiliwaua wawili na kumkata yeye mguu. Mtoto wao hakupata kitu, hata mkwaruzo. Gari likaondoka, na kidude hakiendi mbali, kinarudi kwao kujazwa bomu na kuja tena, walijua hivyo.

"Alinifunga mguu kwa mkanda wake. Halafu akachomoa singe akaanza kuchimba. Mawe matupu, Mama. Kila akipiga inalia, ngiii, mpaka meno yanauma. Anachimba, anazoa kwa kikombe, anachimba. Saa nzima, zaidi. Na anacheka. Anasema, 'Mzee wangu akiniona leo atanichapa tena.' Mimi sikuelewa. Nikamwambia wewe umechanganyikiwa. Akasema, 'Chimba wewe basi.' Na mimi sina mguu!"

Redio alicheka, na kicheko kikamgeuka.

"Lilikuwa shimo la mtu mmoja. Akanitia mimi. Nilimwambia ingia wewe, wewe ndiye mzima. Akasema, 'Wewe huwezi kukimbia, mimi naweza.' Akanifunika kwa turubai na mawe. Akaanza la kwake pembeni. Nilikuwa nasikia ile ngiii karibu na sikio langu. Lilikuwa limefika hivi." Alionyesha kifundo cha mkono. "Basi. Kidude kikarudi."

Mama Vifungo hakulia. Alishika ubao wa lango, akaomba pumzi kwa Mungu, akaipata. Kilichomrudia akilini ni mtoto wa miaka saba aliyeinama kwenye tuta la mboga, ana singe ya baba yake ya mazoezi kwa mikono miwili, anamchimbia kaburi kifaranga. Na baba aliyetoka kazini akamkuta. Mkanda wa jeshi una matundu ya chuma. Silaha si jembe, alisema kwa kila pigo. Silaha. Si. Jembe. Kifaranga akabaki juu ya nyasi mpaka mama alipomzika mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

"Kesho anakwenda mbele ya kamati kuwaambia habari ya hao wawili," akasema.

Redio akafuta uso kwa kiwiko. "Basi nimewaharibia."

"Hapana. Wewe umeanza kusema leo tu. Mimi nimenyamaza tangu Jumatatu."

*

Usiku aliomba apewe neno. Asubuhi alipompigia mumewe pasi shati jeupe, akamfunga vifungo mwenyewe, cha kwanza hadi cha mwisho, neno lilikuwa kooni. "Baba wee," akaanza. "Nani kama mimi leo?" mumewe akasema, akigusa kola. "Niambie kama nimependeza." Akamwambia amependeza.

Langoni mwa kambi askari wa zamu aliwajua. "Mzee Choma! Choma! Chomoa!" akapaza sauti, akapiga saluti ya utani. "Afande ulinitoa jasho wewe, hadi leo nikiona gunia natetemeka." Kisha akaiona singe mkononi. "Lo. Hiyo siwezi kuipitisha hivyo, Mzee."

Waliwekwa kwenye benchi la wageni, juani, nusu saa. Akaja mtunza ghala mwenye daftari, akasoma namba kwenye mpini, akafuata mistari kwa kalamu. "Hii imeandikwa imepotea." Alimtazama mzee kama aliyeiiba. "Nitaingia nanyi. Mkimaliza nabaki nayo."

"Ni ya mwanangu," akasema Mzee Choma.

"Ni ya ghala, Mzee. Mwanao alipewa atumie."

Chumba cha kamati kilikuwa darasa la makuruta. Ubaoni palibaki mchoro wa bunduki uliofutwa vibaya. Nyuma ya meza ndefu walikaa watu watatu: Meja mwenye mvi, Kapteni kijana ambaye nywele zake bado zilikuwa na maji, na Luteni wa kike aliyekuwa anaandika. Mama Vifungo alimfikisha mumewe kwenye alama ya chaki sakafuni, akamwachia kiwiko, akarudi kusimama karibu na mlango na mtunza ghala.

Mzee alianza vizuri. Alisema habari ya bunduki inayokwama na risasi zinazoisha. Alisema kuhusu kulinda mateka, na kuingia kwenye nyumba yenye giza, na kuruta mwoga anayepewa gunia na singe asubuhi na jioni yake anatembea kama mtu mwingine. "Si chuma tunachowafundisha," akasema. "Ni kutogeuka."

Meja alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima. Kapteni aliinua kalamu. "Mzee, hayo ni mema. Lakini bunduki tunazonunua sasa ni fupi, singe juu yake ni kama kijiko. Na adui wa leo humwoni. Nikuulize jambo moja tu. Mara ya mwisho jeshi letu kutumia singe vitani ni lini?"

Hilo ndilo swali Mzee Choma alilokuwa amelivalia shati jeupe.

"Wiki saba zilizopita," akasema. Akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono, akaiweka singe mezani. Ila meza haikuwa pale. Ilikuwa upande wa kushoto, kiasi cha shibiri moja. Singe ilianguka sakafuni, ikalia, ikajizungusha mara mbili na kutulia miguuni pa Luteni.

Mzee alibaki ameinama, mkono hewani, akitafuta sauti ilikoelekea. Na wote watatu, kwa pamoja, waliyaona macho yake.

Luteni aliiokota, akaiweka mezani bila kelele. "Iko hapa, Mzee," akasema. "Mbele yako."

"Ahsante, binti. Itazameni ncha," akasema Mzee Choma haraka, jasho kwenye kola. "Ni ya mwanangu. Imegonga mfupa. Aliwachoma wawili. Mwenzake amenihakikishia, kwa mdomo wake, jana."

Meja alimnong'oneza Luteni, akapewa faili. Alisoma, akaugeuza ukurasa, akaurudia. Alivua miwani.

"Mzee wangu," akasema, "sipendi kukwambia hili. Kikosi cha mwanao hakikukutana na adui. Taarifa iko hapa. Adui wa karibu alikuwa umbali wa kilomita kumi na mbili. Walipigwa kutoka juu."

"Na hii ncha?"

"Sijui, Mzee."

"Haipindi kwa nyama. Lazima ni mfupa."

"Labda alifungulia kopo," akasema Kapteni. Hakusema kwa ubaya, ni kama mtu anayejaribu kusaidia. Lakini pale mlangoni mtunza ghala alipuliza pua kwa kicheko, na Mzee Choma alikisikia. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Alichimba," akasema Mama Vifungo.

Waligeuka. Yeye mwenyewe hakujua alipofika katikati ya chumba. Aliwaambia yote, kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabia mtu vifungo vyake: kilima, mabeleshi, mkanda, kikombe, mawe, shimo la mtu mmoja, na la pili lililofika kwenye kifundo cha mkono. Jambo moja tu hakulisema, lile la kuchapwa. Hilo halikuwa la kamati. Mumewe hakugeuka hata mara moja. Alisikiliza akiwa ameelekea mezani, mikono imenyooka mapajani kama kwenye gwaride.

Luteni alishikilia kalamu juu ya fomu. Ilikuwa na visanduku: kushambulia, kujilinda, gwaride, mengineyo. "Niandike wapi, afande?"

"Mengineyo," Meja akasema. "Andika kuchimba."

"Kwa kweli," akasema Kapteni, taratibu sana, "beleshi lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi."

"Beleshi lilibaki kwenye gari, mwanangu," akasema Mama Vifungo.

Kapteni aliinamia karatasi zake na hakuuliza tena. Meja alisimama, akazunguka meza, akamshika Mzee Choma mkono kwa mikono yake miwili. Akamshukuru kwa miaka yote. Kuhusu zile asubuhi mbili, akasema, apumzike kwanza, watamwita. Wote mle ndani walijua maana yake.

Mtunza ghala aliandika stakabadhi. "Mngeniachia ala tu," akasema Mzee Choma. Yule mtu alimtazama, safari hii hakucheka. Akaipindua ala akamwonyesha, kisha akakumbuka, akasema kwa sauti ya chini, "Nayo ina namba, Mzee."

*

Walitembea kurudi mpaka wakapita ukuta wote wa kambi.

"Ulijua," akasema mumewe.

"Jumatatu nilishuku. Jana nikajua."

"Na ukaniacha niende nikawaambie hivyo."

"Nilikuona umecheka," akasema. "Nikashindwa. Ni kosa langu, baba. Sina la kujitetea."

Hatua ishirini, thelathini. Alikuwa anazihesabu, kwa mazoea. Msururu wa magari ukapita, wakasubiri, wakavuka.

"Alisema lolote? Alipokuwa anachimba?"

Hapo ndipo Mama Vifungo alipolijua lile neno aliloliomba usiku, na halikuwa rahisi kama alivyodhani. Angeweza kusema hapana. Ingekuwa mara ya pili kumficha.

"Alisema, 'Mzee wangu akiniona leo atanichapa tena.'"

Mzee Choma alisimama katikati ya njia. Watu waliwapita kushoto na kulia, mmoja akamgonga bega akasema samahani.

"Alisema akicheka," mkewe akaongeza upesi. "Redio anasema alikuwa anacheka. Hakusema kwa uchungu."

"Kilikuwa kifaranga," akasema mzee.

"Ndiyo."

"Nilimpiga kwa mkanda."

"Ndiyo, baba."

Nyumbani hakuingia ndani. Alipapasa ukuta hadi nyuma, akasimama kwenye ukingo wa tuta, akanyoosha kiganja. "Nipe kile kisu chako."

Alimletea. Mzee alipiga magoti na lile shati jeupe, akagusa udongo, akakiinua kisu na kukishusha. Hakujua kuchimba kwa kisu. Alichoma na kuchomoa, choma, chomoa, kama kwenye gunia, na udongo ukarudi ndani. Mkewe alipiga magoti kando yake, akamlaza mkono: hivi, ukilaze, uvute. Akamletea kikombe cha bati kutoka kwenye sanduku. Akawa anazoa yeye.

Mkwe wao aliporudi kutoka kwenye mikate, saa tisa, aliwakuta hapo. Mboga za mstari mmoja zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa pembeni. Mzee vidole vilikuwa vinatoka damu, na vifungo viwili vya shati vilikuwa vimekatika. Shimo lilikuwa refu kama mtoto na lilifika kwenye kiwiko.

"Mama, mnafanya nini?" akauliza. "Baba? Inatosha basi, jamani. Pumzika."

"Bado," akasema Mzee Choma. Alipapasa chini ya shimo kwa kiganja, pole pole, pande zote, kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Akashika konzi ya udongo, akaifinya. Ilimomonyoka yote.

"Na huku hata mawe hakuna," akasema, akakishika kisu tena.